Jiwe la waridi la Umba: rubi, rodo au chupa?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Makorora, Tanga. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori. Miaka ya themanini alikuwa akiwapelekea wachimbaji wa Mwakijembe vyakula na dizeli, na mara nyingine walimlipa kwa mawe. Ameacha jiwe moja lililokwisha kukatwa, umbo la yai, rangi ya waridi inayoelekea zambarau. Sonara wa Ngamiani amelipima gramu 1.12, akasema ni rubi, nisimwoneshe mtu. Dalali mmoja akasema ni rodo ya Umba, atanipa laki moja na nusu palepale. Wa tatu akacheka, akasema chupa. Nimwamini nani? Na kama ni rodo, rodo ni kitu gani hasa? Picha nimeziambatanisha."*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kufiwa na mzee.

Kati ya hao watatu mimi naegemea kwa dalali. Sisemi bei yake ni ya haki, hilo tutalifikia. Lakini rangi niliyoiona kwenye picha ya mchana, ule waridi wenye zambarau ndani yake, pamoja na mahali jiwe lilikotoka, bonde la mto Umba, vyote vinaelekeza kwenye rodolaiti, aina ya ganeti, ambayo madalali wa Tanga na Arusha wanaifupisha jina na kuiita rodo. Hata hivyo, picha ya simu haijawahi kuthibitisha jiwe. Kamera inabadilisha rangi, na mawe ya waridi yanafanana kuliko ya rangi nyingine yoyote: kuna rubi iliyopauka, safaya ya waridi, spineli, turmalini, ganeti, zirkonia ya kiwandani na chupa. Kwa hiyo nitakuonesha vipimo unavyoweza kufanya mwenyewe hapo nyumbani, kisha nikueleze rodo ni nini.

Sonara simlaumu. Masonara wa pwani wameshika dhahabu maisha yao yote, na jiwe lolote jekundu au la waridi kwao limekuwa rubi tangu enzi za babu zao. Shida ni kwamba rubi za viwandani zipo siku nyingi sana. Mkemia Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 namna ya kuyeyusha unga wa alumina kwa moto wa gesi na kuugandisha kuwa rubi kamili, yenye ugumu uleule na uzito uleule wa rubi ya ardhini. Tangu hapo zikamiminika duniani kwa bei ya kutupa. Pete na hereni nyingi za zamani nilizoletewa nizikague, zinazosifiwa kuwa na rubi ya bibi, zimekuwa na mawe ya namna hiyo, au vioo tu.

Sasa vipimo. Chukua mzani mdogo wa sonara, ule wa kidijitali. Weka juu yake kikombe cha plastiki chenye maji, kisha urudishe mzani kwenye sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi mwembamba, ulizamishe ndani ya maji huku umelishikilia, lisiguse chini wala ubavuni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya 1.12 kwa namba hiyo, utapata uzani wa jiwe ukilinganisha na maji. Ganeti ya rodo hucheza karibu na 3.84, rubi na safaya ni 4.00, spineli 3.60, turmalini karibu 3.06, zirkonia ya kiwandani inakaribia 5.8, na chupa ya kawaida huwa karibu 2.5.

Kwa jiwe lako, hiyo ina maana mzani ukisoma 0.45 ujue unashika chupa. Ukisoma 0.37, fikiria turmalini. Ukisoma 0.19, hiyo ni zirkonia na mzee alidanganywa. Ukisoma 0.28 au 0.29, uko kwenye rubi au ganeti, na hapo mzani wa sonara unaishiwa nguvu, maana tofauti ya rubi na ganeti kwa jiwe dogo kama hili ni takriban gramu 0.01, na mzani wenyewe unaweza kukosea kiasi hichohicho. Ndiyo sababu mtu akikuambia "nimelipima kwa maji, ni rubi", muulize kwanza mzani wake unasoma desimali ngapi. Wa desimali tatu unatosha. Wa mbili hautoshi. Na uondoe viputo vya hewa vinavyong'ang'ania jiwe, kwa sababu kiputo kimoja tu kinaharibu hesabu yote.

Hapo kwenye rubi na ganeti ndipo sumaku inapoingia. Si sumaku ya friji, ni ile kali ya neodimiamu; mafundi wa kompyuta wanaitoa kwenye hadidiski zilizokufa na watakupa kwa bei ya soda. Weka jiwe juu ya kipande cha stairofomu, ukieleeshe kwenye beseni la maji yaliyotulia, kisha ukaribishe sumaku ubavuni bila kugusa. Rodolaiti ina chuma cha kutosha ndani ya umbile lake, kwa hiyo kipande kitaanza kusogea kuifuata sumaku. Rubi na spineli ya waridi hazitasogea, wala chupa ya kawaida. Ipo zirkonia ya waridi inayotiwa madini adimu ya erbiamu, nayo huvutwa, lakini hiyo umeshaigundua kwenye maji kwa uzito wake. Zima feni na funga dirisha kabla ya kuanza. Upepo wa Tanga unasukuma stairofomu kuliko sumaku yoyote, na nimeona mtu akishangilia rodo kumbe ni kaskazi.

Kipimo kingine cha bure ni ile taa ya zambarau ambayo mawakala wa pesa wanatumia kukagulia noti. Limulike jiwe gizani. Rubi nyingi na spineli nyingi za waridi huwaka wekundu kama kaa, kwa sababu rangi yao inatoka kwenye kromiamu. Rubi ya kiwandani ndiyo huwaka kupita zote. Ganeti hubaki imekufa, kwani chuma kilichomo ndani yake kinazima mwako huo. Angalia tu usidanganyike upande wa pili, maana rubi za Umba zenyewe zina chuma na huweza kuwaka kwa unyonge.

Lenzi ya kukuza mara 10 nayo ina ushahidi wake. Ukiona viputo vya mviringo, au mistari iliyopinda mithili ya upinde, hicho ni kitu cha kiwandani. Ukiona sindano nyembamba sana zinazopishana kwa pembe, au chembe ndogo za fuwele, hiyo ni dalili njema ya ganeti ya ardhini. Sindano ni rutili, na rodo nyingi zinazo. Kingo za nyuso pia zitazame: chupa huwa na kingo zilizolainika, ganeti iliyokatwa vizuri ina kingo kali. Ila jiwe lako huenda limekaa miaka kwenye mkebe pamoja na funguo na sarafu, kwa hiyo usilihukumu kwa mikwaruzo michache.

Usikubali mtu alikwaruze kwa faili, alipige kiberiti, au alikate kidogo "aone ndani".

Turudi kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Rodo ni kitu gani?

Ganeti si jiwe moja. Ni ukoo wa madini yenye umbo moja la ndani lakini viambato tofauti. Aluminiamu na silika zipo kwa wote tunaowazungumzia hapa. Kinachobadilika ni metali ipi imekaa kwenye nafasi iliyobaki. Ikiwa magnesiamu, unapata piropu, ambayo ikiwa safi kabisa haina rangi. Ikiwa chuma, unapata almandini, nyekundu nzito inayoelekea weusi. Ikiwa manganizi, unapata spesatini ya rangi ya chungwa. Ardhini mawe haya hayakai peke yake, yanaingiliana kwa kiwango chochote. Rodolaiti ni piropu na almandini zilizochanganyika, magnesiamu ikiwa imezidi. Chuma kidogo kinatia waridi na zambarau, na magnesiamu nyingi inaliacha jiwe liwe wazi, lipitishe mwanga. Chuma kikizidi, waridi unageuka damu ya mzee, na bei inashuka nao.

Kwa hiyo hakuna mstari ardhini unaosema hapa almandini imeisha na rodo imeanza. Mstari huo wameuchora watu. Jina rodolaiti lilitolewa mwaka 1898 na wataalamu wawili, Hidden na Pratt, kwa mawe yaliyotoka bonde la Cowee, North Carolina, Marekani, wakilichukua kwenye neno la Kiyunani la waridi. Mawe yao yalikuwa mazuri lakini mengi madogo. Rodo kubwa na safi zilikuja kujaa sokoni baada ya Afrika Mashariki kufunguka, na bonde la Umba limo katika habari hiyo tangu miaka ya sitini. Hata leo wapo wafanyabiashara wanaoiita rodo ya zambarau ya huko umbalaiti. Hilo ni jina la biashara tu. Maabara haitakuandikia hivyo kwenye cheti.

Mwakijembe alikokwenda mzee ndiko penyewe. Mto Umba unashuka kutoka milima ya Usambara, unakata nyika ya Mkinga na kuingia bahari ya Hindi karibu na Vanga, mpakani na Kenya. Miamba ya kule ni sehemu ya Mkanda wa Msumbiji, ule ukanda mrefu unaopita Msumbiji, Tanzania na Kenya kuelekea kaskazini, uliopikwa kati ya takriban miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara ya kale yalipogongana na kuunda bara moja kubwa, Gondwana. Madagaska na Sri Lanka zilikuwa jirani zetu wakati huo, ndiyo maana vito vyao vinafanana na vyetu hadi madalali wanagombana. Joto chini kule lilizidi nyuzi 700, udongo wa kale ukageuka mwamba wa mistari uliojaa ganeti. Baadaye mvua na mito ikauvunja mwamba, mica na felspa zikaoza, ganeti ikabaki. Ni nzito na haiozi kirahisi, kwa hiyo hutuama kwenye changarawe ya chini, penye kona za mto na makorongo ya zamani. Mchimbaji mdogo anayechekecha changarawe hiyo anapata vipande ambavyo maji yameshavichuja kwa ajili yake. Vyenye nyufa vilivunjika njiani.

Umba hiyohiyo ina safaya za rangi zote unazoweza kuzitaja, kijani, njano, zambarau, chungwa, hata zinazobadilika mchana na usiku, na rubi pia. Safaya hizo zinatoka pale ambapo mwamba wa serpentinaiti umepenywa na mishipa ya pegmataiti. Ng'ambo kidogo, Kalalani wilayani Korogwe, hali ni hiyohiyo: safaya na ganeti kwenye eneo moja. Naeleza haya ili uone kwamba sonara hakusema jambo lisilowezekana. Mzee angeweza kulipwa rubi, au safaya ya waridi. Ndiyo maana nimekuambia usiishie kwenye picha yangu.

Kuna ndugu mwingine wa rodo ambaye lazima nimtaje, jina lake litatutia haya kidogo. Miaka ya sitini wanunuzi waliokuwa wakitafuta rodo Umba walikuwa wakiletewa mawe ya waridi yenye uchungwa ndani yake. Walipoyapima hayakukubali kuwa rodo, hayakuwa spesatini, basi wakayatupa pembeni, na madalali wakayabandika jina la malaya kwa kuwa hayana kwao. Kumbe ni piropu iliyochanganyika na spesatini, yaani manganizi imeingia panapokaa chuma. Siku hizi wa nje wanaandika malaia, na jiwe lililokuwa likitupwa, likiwa zuri, hulipiwa kwa karati zaidi ya rodo ya kawaida. Kwenye picha zako sioni uchungwa. Lakini lipeleke jiwe nje saa tano asubuhi, uliweke juu ya karatasi nyeupe kivulini, na uliangalie kwa pembeni. Ukiona mng'ao wa pichi au mdalasini, usiuze kabla ya maabara. Hapo sumaku haitakusaidia, kwa sababu manganizi nayo inavutwa.

Picha yako ya tatu, ulipoliweka jiwe juu ya gazeti, imeniambia zaidi ya zote. Katikati ya jiwe nasoma herufi. Hilo mafundi wanaliita dirisha. Mwanga unaoingia juu ulitakiwa upige nyuso za chini, urudi machoni kwako. Kwa ganeti yenye kupinda mwanga kiasi cha 1.76, nyuso za chini hukatwa karibu na nyuzi 40 au zaidi kidogo ili mwanga usitoroke. Zikilazwa sana, mwanga unapita moja kwa moja na katikati panakuwa pamekufa, rangi inabaki pembeni tu. Mkataji wa zamani hakuwa mjinga. Alilipwa kwa uzito, na rafu yake, yaani jiwe kabla ya kukatwa, huenda ilikuwa bapa, basi akaokoa kila alichoweza. Wengine hukata hivyo kwa makusudi wakiwa na rodo nyeusi mno, ili ipauke kidogo. Rodo yako haihitaji huruma hiyo, rangi yake ni ya wazi.

Je, likatwe upya? Gramu 1.12 ni karati 5.6, kwa kuwa karati 5 ni gramu moja. Fundi mzuri akifunga dirisha hilo, jiwe linaweza kuangukia chini ya karati 5, na wanunuzi wana ugonjwa wa namba kamili; karati 5 na kuendelea ni daraja jingine kichwani mwao. Mimi ningeliacha lilivyo ikiwa unataka kuuza, na ningelikata upya ikiwa unataka kulivaa. Pete yenye jiwe la karati 4.7 linalowaka lote ni nzuri kuliko ya 5.6 yenye tundu katikati.

Kuhusu pesa, nisikudanganye. Rubi safi isiyochomwa ya uzito huo, mtu anajenga nyumba Mikanjuni na chenji inabaki. Rodo haimalizi hata msingi. Haina uhaba wa rubi, zinatoka Umba, Komolo kule Simanjiro, kusini Tunduru, na nje ya nchi pia. Lakini ina jambo moja ninaloliheshimu: karibu kila rubi na safaya utakayoiona sokoni imechomwa motoni kuboreshwa rangi, na rodo kwa kawaida haiguswi. Rangi unayoiona ndiyo iliyotoka nayo ardhini. Wanunuzi wa nje wanalijua hilo na siku hizi wanaliuliza. Kwa hiyo laki moja na nusu kwa jiwe la karati 5.6, likiwa safi ndani na la rangi hiyo, naiona ndogo, na mtu anayetoa bei palepale kabla hujakaa chini ana sababu ya kukuharakisha.

Kabla ya kujadiliana, nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi hapo Tanga, chini ya Tume ya Madini. Waulize utaratibu wa jiwe la urithi lililokwisha kukatwa, na waulize kuhusu soko la madini. Masoko haya yalianzishwa nchini kuanzia mwaka 2019 ili mauziano yafanyike mbele ya wasimamizi, na kwako wewe faida yake kubwa ni kwamba utapata wanunuzi zaidi ya mmoja kwenye chumba kimoja. Dalali au mnunuzi awe na leseni, uione kwa macho yako, jina lilingane na kitambulisho. Usimkabidhi mtu jiwe "akalioneshe kwa bosi" akuachie namba ya simu. Na asikushawishi mtu ulipitishe mpaka wa Horohoro kwenda kuuzia Mombasa. Bila kibali cha kusafirisha nje utapoteza jiwe na utapata kesi.

Ukitaka cheti, Kituo cha Jemolojia Tanzania kipo Arusha, na huko wanafundisha hata ukataji. Kwa rodo moja sikushauri ufunge safari kwa ajili ya hiyo tu, ila ukipata mtu unayemwamini anayekwenda, au ukiona ule uchungwa, gharama inalipa. Cheti kitaje aina ya jiwe, uzito kwa karati, vipimo kwa milimita, na kama limeongezewa chochote. Kwa vipimo vya milimita hawawezi kukubadilishia jiwe njiani bila kujulikana.

Na ikiwa wewe na ndugu zako mtaamua libaki nyumbani na lifanywe pete, mwambie sonara amalize kuchomelea dhahabu kwanza, jiwe liingie mwisho. Ganeti haipendi joto la ghafla, moto wa bomba la sonara unaweza kulitia ufa katikati. Ugumu wake ni 7 hadi 7.5 kwenye kipimo cha Mohs kinachoishia 10, kiasi cha kuvaliwa, lakini vumbi la mchanga lina ugumu wa 7 na litaisugua taratibu, kwa hiyo pete ya namna hiyo ivuliwe jikoni na shambani, na ioshwe kwa maji vuguvugu, sabuni na mswaki laini.